Mti wa Bunduki ya Mzee Dale

Reynoldsburg, Ohio
7 Septemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Yesu, wewe na wote wa kanisani hapo Louisville. Goti linasemaje? Na masikio? Shangazi Nyirangabo alinipigia kutoka Buffalo akaniambia sasa husikii kabisa kwenye simu, ndiyo maana nimenunua karatasi hizi zenye maua. Usinicheke.

Sisi ni wazima, tena tumezidi uzima. Majuma saba ya ndoa, Baba! Kila asubuhi Cyubahiro akienda kazini depo ananiachia kikaratasi kwenye friji. Jana aliandika: "Chai iko kwenye chupa, moyo wangu uko hapo kando yake." Mwanaume wa kubeba maboksi! Nikifungua kabati nanusa koti lake la kazi, nacheka peke yangu kama mjinga. Na kila mara nakumbuka siku ya harusi, ulivyomshika mkono mbele ya kanisa lote ukasema: "Nakupa binti yangu. Nyumbani mwake isiingie bunduki, hata ya kuchezea." Cyubahiro akaitika, watu wakapiga makofi, mimi nikalia mpaka rangi ya macho ikashuka hadi kidevuni.

Bon, nina ombi. Kuna mzee wa kazini kwake anaitwa Dale, ametupa kifaa chake cha zamani kama zawadi ya harusi. Kifaa kina mti, na mti huo umechoka: vanishi imebanduka, umebonyea sehemu mbili, una mikwaruzo. Nataka kuutengeneza kwa mikono yangu, Cyubahiro afurahi. Ni mti wa jozi. Mwisho mmoja ni mpana kama kiganja, kisha unakuwa mwembamba, na juu una mfereji ambamo chuma kinalala na kufungwa kwa skrubu mbili. Chuma hakikai vizuri, kinatikisika. Wewe uliyechonga vyombo vya maziwa vya nusu ya mlima wetu, nifanyeje?

Nakukumbatia mpaka mbavu zilie.

Binti yako,
Umwali


Louisville, Kentucky
17 Septemba 2024

Umwali, mama,

Barua imefika na maua yake. Niko mzima. Goti linapanda ngazi likinung'unika, masikio yamestaafu kabla yangu. Nafurahi kwamba unacheka ndani ya kabati.

Hukuniambia ni kifaa gani, nami sikuulizi. Fanya hivi. Ondoa chuma, kiweke mbali. Vanishi ya zamani ikwarue kwa ukingo wa kipande cha kioo, pole pole, ukifuata mishipa ya mti. Usikimbilie msasa. Pale palipobonyea, weka kitambaa chenye maji, kisha pasi ya moto juu yake. Mvuke utaingia na mti utajiinua wenyewe. Ukikauka, piga msasa laini. Lowesha tena, vinyweleo vya mti vitasimama, vikate kwa msasa. Fanya mara tatu.

Chuma kinachotikisika: kipake masizi ya mshumaa upande wa chini, kilaze ndani ya mfereji, kibonyeze, kitoe. Penye alama nyeusi ndipo mti unapokizuia kisishuke. Kwarua hapo tu, kidogo kama unene wa karatasi, kisha urudie. Hata mara hamsini. Ukiharakisha, utatoa mti usioweza kuurudisha.

Mwisho, mafuta ya kitani, matone machache, usugue kwa kiganja mpaka kiganja kipate moto. Subiri siku mbili, rudia. Vitambaa vyenye mafuta vitandaze nje, usivikunje, vinaweza kujiwasha. Siagi hapana! Nakujua.

Ukimaliza, lalisha shavu lako pale mti unapoanza kupanuka. Shavu litakuambia kama bado kuna kazi.

Msalimie mume wako.

Baba yako,
Ruberwa


Reynoldsburg
3 Oktoba 2024

Baba yangu wa dhahabu,

Salamu nyingi. Goti lipakwe ile dawa niliyokutumia, usiiweke tu dirishani kama pambo.

Nina aibu. Barua yako ilifika siku mbili baada ya siagi. Ndiyo! Niliukwarua mti, nikaupaka siagi ya ng'ombe kama mama alivyokuwa akipaka vyombo vya maziwa, kisha nikaufukizia moshi kwa mkaa na majani barazani. King'ora cha moshi kikalia jengo zima, majirani wote wakashuka chini, mmoja amebeba paka wawili. Mimi nikasimama katikati yao na mti wangu unaonata. Cyubahiro akarudi, akaunusa, akasema, "Mpenzi, tutaukamua saa ngapi?" Na mzee Dale akasema unanuka bisi za sinema.

Kwa hiyo nikauosha kwa sabuni na maji moto, nikaanza upya kwa njia yako. Baba, pasi! Ile sehemu iliyobonyea ilijiinua mbele ya macho yangu, nikapiga kelele jikoni. Masizi nimerudia mara thelathini na mbili, vidole vyangu vyeusi, Cyubahiro anavibusu hivyo hivyo, mdomo wake ukawa mweusi, tukacheka mpaka chai ikapoa. Sasa chuma kinaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Nimepaka mafuta mara nne. Rangi ni ya asali ya msituni.

Nililalisha shavu kama ulivyosema. Ni laini kabisa.

Kama unapenda kujua, ni chombo cha muziki cha zamani, kama gitaa hivi.

Binti yako mwenye furaha,
Umwali


Louisville
14 Oktoba 2024

Umwali, mama,

Nimecheka kuhusu paka wawili. Umefanya vizuri.

Sasa ni wakati wa baba kuona binti yake anaishi wapi. Adriano wa kanisani atanileta kwa gari Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Usipike vitu vingi. Maziwa yanatosha, nami nitaibariki nyumba kama inavyotakiwa.

Nitafurahi kukiona hicho chombo cha muziki. Masikio yangu hayatakisikia, lakini mikono itakijua.

Baba yako,
Ruberwa


Reynoldsburg
25 Oktoba 2024

Baba,

Nakusalimu. Sijui hata kama nina haki ya kuuliza habari za goti.

Barua hii nimeianza mara sita. Si gitaa. Ni bunduki ya kuwindia paa. Mti niliokuuliza ni mti wa bunduki, ule unaokaa begani. Nimeandika sasa, siwezi kufuta, nimetumia wino.

Nitakueleza, si ili unisamehe haraka. Deponi Cyubahiro alimsimulia mzee Dale kwamba kwetu, mtu akikupenda, anakupa ng'ombe, na ninyi ni ndugu mpaka kufa. Mzee hana ng'ombe. Kesho yake akaleta kitu anachokipenda kuliko vyote, bunduki ya marehemu baba yake, imefungwa ndani ya blanketi. Ungekataaje, Baba? Cyubahiro aliipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, kisha akafika nyumbani akakaa kitandani na kusema: "Nilimwapia baba yako." Alitaka kuirudisha siku ile ile. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema, "Baba yuko Louisville, hataona." Nilisema hivyo, kwa mdomo huu unaokuita mpendwa.

Lakini aibu kubwa si hiyo. Ni kwamba nilichukua maarifa ya mikono yako, mikono ya vyombo vya maziwa, nikayaweka kwenye bunduki bila wewe kujua. Wewe uliyempoteza mwanao Elie. Mimi nilikuwa na miaka sita, lakini nakumbuka ulivyokaa mlangoni ukitazama njia ambayo wale watu wa vita walimpitisha kwa nguvu. Nami nikaandika eti gitaa. Nilipolalisha shavu pale, nilicheka.

Njoo tarehe 9, tafadhali. Ukisema itoke, itatoka kabla hujashuka kwenye gari.

Binti yako, kama bado unalitaka jina hilo,
Umwali


Reynoldsburg
12 Novemba 2024

Baba,

Natuma barua hii Buffalo. Adriano alisema ulipanda basi kwenda kwa shangazi bila kumwambia mtu sababu, na shangazi kwenye simu anasema tu, "Mwache kaka yangu."

Jumamosi tulitandika meza. Cyubahiro alivaa shati la harusi. Maziwa niliyachemsha saa nne, nikayapasha saa sita, saa nane yakawa na ngozi juu kama mdomo uliokauka. Kila gari lililoingia tulisimama. Jioni Cyubahiro aliyanywa yote peke yake, bila sukari, ili nisiyamwage.

Tangu siku hiyo hakuna kikaratasi kwenye friji. Hatujagombana. Tunaoneana haya, tunapishana jikoni kama wapangaji.

Sikuombi kitu. Niambie tu kama unakula.

Umwali wako


Lower West Side, Buffalo
20 Novemba 2024

Umwali, mama yangu,

Ninakula. Shangazi yako ananipa ugali mara mbili kwa siku na ananitazama mpaka nimalize. Theluji imeanza. Goti linajua.

Isome barua hii ukiwa umekaa.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Mwisho mpana kama kiganja, mfereji juu, skrubu mbili. Hakuna kitu kingine duniani chenye umbo hilo. Nilisoma pale dirishani kwangu, nikaweka barua chini, nikazunguka mtaa. Kisha nikarudi nikakujibu. Ulifikiri mtu wa vyombo vya maziwa anajua wapi habari ya kupaka chuma masizi? Chombo cha maziwa hakina chuma.

Wakati wa vita, vijana wa mlima wetu walikuwa wanapata bunduki zilizoungua, vyuma tu, bila mti. Mmoja wao, Kamanzi, aliniletea ya kwanza. Nilitengeneza kumi na moja. Ya kumi na moja ilikuwa ya Elie.

Hakuna aliyempitisha Elie njiani kwa nguvu. Hayo niliyasema mimi, nikayarudia mpaka na wewe ukayaona kwa macho. Alikuja mwenyewe, akasema, "Baba, za wengine umezitengeneza." Mikono yake ilikuwa mifupi, unaikumbuka? Nilimpima kutoka kwenye kiwiko hadi kidole kama fundi anayepima shati la Pasaka, nikaukata mti uwe mfupi, umfae. Alilalisha shavu akasema, "Baba, unakaa kama mto." Nami nikafurahi. Aibu yangu ndiyo hiyo, mama. Si kwamba nilimtengenezea. Nilifurahi, kwa kuwa kazi ilikuwa nzuri. Aliondoka siku ya Jumanne.

Halafu siku ya harusi yako nikasimama mbele ya watu nikamwapisha kijana wa mtu, nao wakanipigia makofi kama mtu wa amani. Ulipoandika eti mikono ya vyombo vya maziwa, nilishindwa kupanda gari la Adriano. Nilikuja kwa Nyirangabo kwa sababu ni yeye peke yake anayejua. Ameniambia, "Kwa hiyo binti alidanganya miezi miwili, wewe miaka kumi na minane. Nani ameandika barua ya kuomba radhi?" Unamjua shangazi yako.

Basi hii ndiyo barua hiyo. Nisamehe.

Kuhusu mzee Dale, msimrudishie zawadi, mtamuumiza. Mwambieni jinsi tunavyofanya kwetu: ng'ombe uliyepewa anaweza kubaki kwenye kundi la aliyekupa. Ni wako, lakini analala kwake. Chuma kipelekeni mapema kwenye kabati lake la kufuli. Mti uacheni mezani. Nataka kuuona mchana, kwenye mwanga.

Adriano atakuja kunichukua. Tarehe 7 Desemba.

Baba yako,
Ruberwa


Reynoldsburg
10 Desemba 2024

Baba yangu,

Natumaini umefika Louisville salama na goti limekusamehe ile safari.

Nakuandikia yale ambayo hatukuweza kusema ukiwa hapa. Mimi na Cyubahiro tulijifanya tunachemsha maziwa, lakini tulikuona. Ulivua kofia. Ulipitisha kidole gumba ndani ya mfereji wote, taratibu, kisha ukauinua mti begani ukalalisha shavu, na ukakaa hivyo muda mrefu mpaka maziwa yakafurika kwenye jiko na hakuna aliyeyatazama. Halafu ukasema kwa sauti kubwa, kwa kuwa husikii sauti yako mwenyewe siku hizi: "Ni mrefu. Huu si wa Elie."

Ulipomshika Cyubahiro mkono na kumwambia, "Nilikuapisha kwa aibu yangu mwenyewe," alisahau Kiswahili chote. Baadaye alilia ndani ya kabati, kwenye koti lile la kazi. Nilimfuata. Hapo ni padogo lakini tulitosha.

Jumapili tulimpelekea mzee Dale mti, tukamweleza habari ya ng'ombe na kundi. Alifikiri, akakuna kichwa, akauliza, "Kwa hiyo mimi sasa ni mchungaji wake?" Cyubahiro akasema ndiyo. Mzee amejisifu kwa mke wake na kwa majirani wawili.

Jambo moja la mwisho. Ulipoondoka niliona doa dogo la maji kwenye mti, pale shavu lako lilipolala. Limekauka likawa jeupe. Cyubahiro alichukua chupa ya mafuta ya kitani, tone moja tu na lingefutika. Nilimshika mkono. Tuliupeleka mti hivyo hivyo.

Leo asubuhi kikaratasi kimerudi kwenye friji.

Binti yako,
dada yake Elie