Mgeni Aliyemwona Marehemu Ukumbini

Chuo cha Walimu,
Korogwe.
9 Agosti 1953

Mpendwa Dada Grasiana,

Shikamoo. Hali yako huko Kilosa, na shemeji Yordani? Kikohozi cha mtoto kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili. Mama yupo Mazinde, anakula kidogo kidogo.

Kila mwaka wakati wa kiangazi chuo chetu hualika wageni waje kuzungumzia mambo ya siku hizi. Mwaka jana alikuja daktari, akatueleza habari za kifua kikuu. Mwezi uliopita alikuja Bwana Rehani wa Handeni, aliyepigana Burma, kutueleza maisha ya askari waliorudi kutoka vitani.

Alianza vizuri, akatuchekesha. Mara akaniona mstari wa mbele, akaacha hotuba, akanijia. Akaniuliza mbele ya chuo kizima, "Wewe, umefikaje hapa?"

Mwalimu mkuu alidhani ni homa, akamtoa nje. Nikawafuata. Aliposikia jina la baba yetu, akaketi kwenye ngazi. Dada, alikuwa kikosi kimoja na kaka Valerian. Kaka alipigwa risasi ya tumbo wakati wenzake wanarudi nyuma, wakashindwa kumbeba, wakamwacha ukingoni mwa mto. Rehani akamwahidi kurudi na machela. Aliporudi kesho yake, mvua ilikuwa imeuchukua ukingo wote wa mto.

"Sura hii naiona kila nikifumba macho," akaniambia. "Leo nimeiona macho yakiwa wazi."

Unajua miaka yote hii mama amekataa matanga, kwa kuwa tuliambiwa kaka amepotea tu. Nikamwomba Rehani twende Mazinde. Aliogopa, lakini alikuja.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Alikuwa peke yake?"

Niliomba moyoni mgeni adanganye. Akajibu, "Ndiyo, mama. Peke yake."

Mama akamtandikia mkeka, akampikia. Kesho yake padri alisoma misa, majirani wakajaa. Tulilia sote isipokuwa mama.

Tangu hapo ananiita Valerian. Mwanzoni nilimsahihisha. Jumapili hii alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Umechelewa, mwanangu, lakini umefika."

Nikaitika, dada. Nimeitika jina la marehemu, na sijui nitaliachaje. Naomba uje.

Nisalimie shemeji, watoto, na shangazi Stefania. Mungu awafunike huko mliko na awaongoze njiani.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Mikaeli