Pima Upepo Zikiwa Zimepoa

Jumanne ile ya mvua, mama yako alipoteleza na gari kwenye kona ya kiwanda tukampoteza, tairi zake hazikulia hata kidogo. Wakubwa wa barabara wakasema eti mwendo wake. Maji yanatuama pale mpaka leo, na wao wamekalia viti.

Twiga wangu, ~~leo usiende uwanjani~~ nenda. Ila zile tairi laini za mashindano nimezifungia stoo. Nuna tu. Nimekuwekea za mtaani, zenye mifereji. Anayejifunza mbio za gari anataka tairi inayolia kabla ya kuteleza, apate kupunguza mwendo. Zile zako zinakuachia kimya kimya, na kwenye maji ndiyo usiseme.

Chai iko kwenye chupa. Upepo pima tairi zikiwa zimepoa.

Hapo ndipo nilipokwama. Alfajiri nilisikia tairi zikilia uani. Nikatoka kupima: gari limefungwa, ufunguo ninao mfukoni, wewe unakoroma. Tairi za moto, mkono haukai. Nimemfuata fundi, usiliwashe kabla sijarudi.

Kiti cha dereva kimevutwa mbele kabisa, kama alivyozoea kukiweka mama yako na ufupi wake. Miguu yako haiingii, yangu haiingii. Sasa nani amekujaribia hizi tairi?

Baba yako