Siku Tuliyomnyanyua Mwalimu Mkuu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua unaitumia, hukuifungia kabatini. Mimi ni mzima kabisa, ila vidole vimejaa vibanzi vya mbao na sauti imenikauka kwa kucheka.

Najua unangoja jibu kuhusu kazi ya dukani kwa mjomba. Vumilia kidogo, kwanza nikusimulie ya hapa shuleni.

Nilikwambia wanafunzi wangu walivyokuwa wakikariri kama kasuku maana ya wenzo, ule ubao wa kunyanyulia vitu vizito, na hakuna aliyewahi kuugusa. Basi niliweka chaki chini, tukaanza kuunda vitu: mizani ya vifuniko, kapi la kunyanyulia ndoo. Mwalimu Mkuu, ambaye watoto humwita Tingatinga kwa ukubwa wa mwili, hakupendezwa. Alisema nimeleta michezo darasani. Nikamsihi, akacheka, akasema mwanafunzi wangu mdogo kuliko wote akiweza kumnyanyua, atatupa stoo iwe karakana yetu. Asipoweza, nirudi kwenye chaki.

Ijumaa shule nzima ilijaa uani. Watoto wangu walileta ubao mrefu na gogo la kuuegemeza. Gogo wakaliweka katikati kabisa, wakapima kwa kamba ili asiwepo wa kupunjwa. Tingatinga akaketi huku, Sisimizi, kabinti kadogo kuliko wote, kakaketi kule, kakabaki kananing'inia hewani. Watu wakaangua kicheko. Mama, ulimi uliniwasha niwaambie kosa lao, nikajizuia.

Sisimizi mwenyewe, akiwa huko huko juu, akasema gogo lisogezwe kwa Mwalimu Mkuu. Wenzake wakamjia juu: haki gani hiyo, yeye apate upande mrefu na mwalimu mfupi? Akawajibu kwamba mwalimu ameshapewa mwili, basi yeye apewe ubao. Wakasogeza. Akaketi tena, na Tingatinga akapaa! Aliung'ang'ania ubao kwa mikono miwili, akaomba ateremshwe, huku anacheka mpaka machozi. Sisimizi akagoma kuondoka ubaoni mpaka stoo iahidiwe mbele ya watu wote. Ikaahidiwa.

Sasa jibu lako. Sikukwambia, Mama, lakini asubuhi ile nilikuwa nimeshafunga sanduku. Nilijiapia kwamba Tingatinga asiponyanyuka, napanda basi kuja dukani na ualimu basi tena. Sanduku nimelifungua. Sirudi. Najua ulitamani niwe karibu, na hilo linaniuma kweli. Ila jitu lile lilipopanda, watoto walinigeukia mimi kwanza kabla ya kushangilia, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Njoo wewe unitembelee. Watoto wanauliza mama yangu ana uzito gani, nami nimewaambia swali hilo mtu haulizwi.

Msalimie mjomba, tena kwa upole, kabla hujamwambia.

Akupendaye sana,
Kitindamimba wako