Shemeji Aliyeng'oa Mabati

Hospitali ya Sori, Jumanne

Sijui nimekosea wapi, au hata kama nimekosea.

Mtoto wa Adhiambo amelazwa tena. Nimonia ya tatu tangu shemeji yake ang'oe mabati ya nyumba ili mjane huyo ahame. Dawa zangu haziezeki paa. Ndiyo maana nilimpeleka Adhiambo kwa Wakili Boke, anayekaa chumba cha pili hapa hospitalini kila Jumanne kusaidia wagonjwa wasio na uwezo. Aliniomba barua moja tu ya daktari, twende kortini.

Leo nilikuwa naitia sahihi Adhiambo alipoingia.

"Daktari, usiipeleke."

Akaeleza kwamba alfajiri mtoto alipozidiwa, ni shemeji huyohuyo aliyembeba mgongoni kwenye tope hadi barabarani, akatafuta boda.

"Nikimshtaki, kesho nani atanibebea?"

Nilikasirika. Na mvua je? Nikamwita Boke, nikitumaini atamshawishi. Akamsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Kesi ni yake, daktari. Si yetu."

Akatoka, akaketi nje na yule shemeji, aliyekuwa akingoja hapo. Waliongea sana. Shemeji ameahidi kurudisha mabati Jumamosi. Ahadi ya mdomo tu.

Je, akiivunja? Nitakuwa nimemtibu nani, mtoto akirudi kulala mvuani?

Jioni nikamkuta shemeji huyo kando ya kitanda, ameshika kidole cha mtoto, suruali bado ina matope. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nikamwuliza kama amekula.

Akasema bado. Nikamletea chai.