Dumu la Dizeli Juu ya Keria

Nyarugusu, Geita

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka, mayu, kama tunavyoamkiana kwa Kisukuma. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, na yale magoti yamepunguza kuuma. Mimi mwanao ni mzima, ila vumbi la mawe ya huku linanikohoza. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na haya sipendi kuyapazia sauti. Dada Kabula atakusomea taratibu.

Ulipouliza kuhusu gari la Baba, nilikujibu kwamba linakwenda vizuri. Nilikudanganya, Mama. Mlango wa abiria naufunga kwa mpira wa tyubu, springi za nyuma zimelala, na kila Jumapili baada ya misa niko chini yake na spana. Ndilo nililokuwa nabebea maji ya wachimbaji, na mawe yao kupeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mwezi uliopita nilichoka, nikakubaliana na mtu wa vyuma chakavu aje alichukue.

Asubuhi aliyopaswa kuja, akatangulia jirani yangu Doto, mchimbaji, akihema. Mkewe, Neema, alikuwa kwenye uchungu tangu jana yake. Nesi wa zahanati alisema mtoto amekaa vibaya, afikishwe hospitali Geita upesi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na magari madogo hayapiti. Tukamlaza Neema nyuma, nesi kando yake, tukaondoka.

Nikaingiza gia ya magurudumu manne, tukavuka tope lote la bondeni. Tulipoanza kupanda ng'ambo, gari likazima. Pampu ya mafuta ilikuwa imekufa.

"Sasa tunafanyaje, Masanja?" Doto akauliza.

Nikashuka, nikafunua boneti. Neema alilia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia.

Ndipo nikakumbuka safari ile tuliyopeleka pamba Mhunze. Pampu ilikufa vilevile, Baba akaweka dumu juu, akashusha mpira mpaka kwenye injini, dizeli ikateremka yenyewe. Wewe ulikuwa juu ya magunia, umelikumbatia dumu, kanga kichwani, unacheka. Baba alikuwa akitoa kichwa dirishani, "Mama Masanja, upo?" Nawe unajibu, "Nipo, endesha." Nilikuwa mdogo, nikadhani magari yote huendeshwa hivyo. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama siku ile.

Nikampandisha Doto kwenye keria na dumu langu la akiba, nikaunganisha mpira kwenye chujio la dizeli, nikatoa upepo uliobaki kwenye njia ya mafuta. Gari likawaka. Njia nzima nilikuwa nikitoa kichwa, "Doto, upo?" Naye anajibu, "Twende, kaka, usisimame."

Tulipofika hospitali Neema alipasuliwa, akapata mtoto wa kike. Wote wawili ni wazima. Doto alinishika mkono, amelowa mvua na dizeli. Nikarudi kwenye gari, nikakaa, nikalia. Siku ya kumzika Baba sikulia, nilikuwa nakimbizana kusafirisha wageni. Nilimlilia pale hospitali, Mama.

Mtu wa vyuma nilimwambia nimeghairi. Fundi wa Kahama ameweka pampu nyingine, ila amenieleza ukweli: fremu imepasuka, halitabeba mawe tena. Mimi nimepata kibarua pale kwenye karasha, usiwe na wasiwasi.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni. Wiki ile ya matanga nililichukua gari bila kukuuliza. Nilijiambia mimi ndiye mtoto wa kiume. Wewe ulisimama tu mlangoni ukiniangalia. Lakini jembe lako ndilo lililolima pamba iliyolinunua. Nisamehe, Mama.

Mvua zikikatika nitalileta, na ufunguo nitaukabidhi mkononi mwako. Ukitaka likae uani kuku watagie ndani, sawa. Ukitaka tupande wote twende kanisani, nitaendesha polepole.

Nisalimie dada Kabula anayekutunza, mjomba Shija aliyenifundisha kuchunga, na katekista anayekupitia kila Jumamosi.

Ni mimi, anayekukumbuka kila aushikapo usukani ule,

Mwanao Masanja