Lilian Alikuja Kunirudisha Nairobi, Tukamwingiza Uwanjani

Jumapili jioni, kijijini Kisegi. Mvua ya alfajiri iliacha mapema, jua likawaka mchana kutwa, na sasa upepo wa ziwani unapuliza vizuri.

Nimekaa kwenye mlango wa jikoni, simu mkononi, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi. Magoti yamechubuka. Kidole changu kidogo kimevimba na sikumbuki kilivimba saa ngapi. Nina furaha ya kupiga kelele, ila sauti yenyewe sina, niliimaliza yote huko Karungu.

Tumecheza netiboli! Mimi! Yule aliyekuwa akipumzika mara mbili akipanda ngazi za nyumba yake mwenyewe!

Ngoja nianzie kwa Lilian. Lilian ni dada yangu mkubwa, anafanya kazi benki huko Nairobi, na alifika hapa Ijumaa akiwa na jambo moja tu kichwani. Kampuni nilikokuwa nikipokea simu za wateja imenitafuta. Wanataka nirudi, tena mara hii niwe msimamizi, na jibu wanalitaka kesho. Walipokosa kunipata kwa simu, network ya hapa ikiwa imelala, walimpigia Lilian, naye akapanda basi la usiku kuja kuhakikisha nimesema ndiyo.

Mume wangu Ouma, ambaye ni mwalimu wa sekondari hapa, alisema neno moja. "Mwili ni wako, uamuzi ni wako."

Lilian alisema mengi. Alisema tukila, alisema tukichuma mboga, alisema nikichemsha maji ya kunywa.

"Achieng', umesoma vile vyote ndio uje kuchemsha maji ya ziwa?"

Na kwa vile kwenye ukurasa huu huwa nasema ukweli, wacha niuseme: sehemu moja ya moyo wangu ilitaka kwenda. Msimamizi. Dawati langu mwenyewe. Mtu hawezi kusikia hayo akakaa tu.

Lakini nakumbuka pia nilivyokuwa. Nyumba ya ghorofa ya nne, dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, na jirani mwenyewe sikuwahi kujua jina lake. Vifaa vya masikioni kutwa nzima, watu nisiowajua wakinitukana kwa sababu ya makosa ambayo si yangu. Chakula cha mchana ni chipsi juu ya meza nikiendelea kupokea simu. Usiku nalala macho yakiwa wazi. Kisha siku moja nikaanguka pale ngazini nikiwa na mifuko ya sokoni, nyanya zikabingirika hadi chini, na daktari akaniambia presha yangu si ya mtu wa umri wangu.

Wakati huo Ouma alikuwa ameshahamishiwa shule ya huku. Nikamfuata. Nilijiambia ni mapumziko mafupi tu.

Sikupenda. Naomba nisidanganye mtu anayesoma hapa akidhani kijijini kuna dawa inayoning'inia mtini. Wiki za mwanzo nililia. Mbu walinila. Malaria ilinilaza. Stima ilikuwa inapotea na kurudi inavyotaka. Nikiinama kulima shamba la mboga nyuma ya nyumba, mgongo ulikuwa unagoma, na kuku wangu wa kwanza waliisha wote kwa ugonjwa.

Kilichonibadilisha kilikuwa salamu.

Hapa huwezi kwenda sokoni kimya kimya. Kila boma unalopita lazima usimame, useme umeamkaje, uulizwe Ouma yuko aje, uulizwe kuku wako wapya wanakula vizuri? Mwanzoni nilikuwa naudhika, mbona safari fupi inachukua asubuhi nzima? Kisha kuna siku nililala na maumivu ya kichwa, sikutoka. Kabla ya saa sita mchana Min Otieno alikuwa mlangoni kwangu.

Min Otieno, yaani mama yake Otieno, anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Ana mwili mkubwa na sauti inayoweza kusimamisha lori. Aliniangalia pale kitandani akasema, "Hujapita leo. Tumeuliza njia nzima." Akaingia jikoni, akanipikia uji, akaketi hadi nikaumaliza.

Nilijifunika shuka nikalia tena, lakini kilio hiki hakikuwa kama kile cha mwanzo.

Ni yeye aliyenivuta kwenye netiboli. Akina mama wa kanisa wamechimbia milingoti miwili nyuma ya shule ya msingi, na jioni baada ya kazi wanacheza na sketi zao, wengine miguu mitupu. Siku ya kwanza nilicheza kidogo nikaketi chini kama gunia. Hakuna aliyecheka. Siku iliyofuata walinipitia mlangoni tena. Nikazoea kidogo kidogo. Naenda kituo cha afya kila mwezi, dawa nameza, na mwaka huu daktari amepunguza dozi. Amepunguza tu, hakuiondoa. Lakini nalala. Jamani, nalala hadi Ouma ananiamsha!

Basi leo ilikuwa siku ya mechi na akina mama wa Karungu, ambao mara ya mwisho walitupiga vibaya mno hata sitaki kusema. Baada ya ibada tulipanda canter, lori dogo linalobeba omena. Nilimwomba Lilian aje kutazama. Alikuja na viatu vyake vyeupe na miwani ya jua, akaketi mbele na dereva, na tulipovuka kuingia upande wa Migori alikuwa bado anaandika ujumbe kwenye simu yake.

Tunafika Sori, mji wa huko Karungu, karibu na uwanja, mfungaji wetu anashuka vibaya kutoka kwenye canter na kuteguka mguu. Kilio! Timu ni watu saba, tumebaki sita. Min Otieno akageuka, akamtazama Lilian kuanzia juu hadi chini. Lilian ni mrefu.

"Nyar Nairobi," akamwita, yaani binti wa Nairobi. "Shuleni ulicheza nini?"

"Mimi? Zamani sana, mama. Nilikuwa nafunga, lakini..."

"Alikuwa anafunga!" Min Otieno akapaza sauti, na wanawake wote wakashangilia kama Lilian ameshakubali. Mmoja alimvua miwani. Mwingine alimpa sketi. Sijui nani alimvua vile viatu vyeupe.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mipira ya mwanzo ilienda kokote ilikotaka, hata mbuzi wa watu walihama. Halafu mkono wake ukakumbuka. Alisimama chini ya goli, akatulia, akarusha, ukaingia. Mwingine ukaingia. Mimi nikiwa katikati namrushia, yeye anaudaka huko juu ambako mlinzi wao hafiki, na ukiingia anageuka kunitafuta kwa macho, mdomo wazi, kama msichana wa sekondari. Watoto kando ya uwanja walianza kuimba jina lake. Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika katikati ya neno.

Kipindi cha pili kikaanza, na baada ya muda nikaona amesimama, mkono kifuani. Mpira umempita na hakuutazama.

Nilikimbia kwake. Uso ulikuwa umepauka na jasho lilikuwa linamtoka kwa namna ambayo naijua mwenyewe. Tulimtoa nje, tukamketisha kivulini, akapewa maji. Mlinzi wa Karungu, yule yule aliyekuwa anamkaba, ni nesi. Aliacha mechi, akaenda kwenye pikipiki yake, akarudi na mfuko wenye kipimo cha presha. Akamfunga mkononi, akasoma, akangoja Lilian atulie, akapima tena.

"Dada, hii iko juu. Ulikuwa unajua?"

Nilitegemea aseme hapana.

"Najua," Lilian akasema. "Waliniambia Nairobi, muda kidogo umepita. Walinipa dawa. Sijaanza."

"Kwa nini hujaanza?" Nilijaribu kuuliza kwa ukali lakini sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga.

Aliangalia miguu yake iliyojaa vumbi. "Nikianza ndio nitakuwa mgonjwa, Achieng'. Na nani atanishika? Niko peke yangu kwa ile nyumba. Naamka, nakwenda kazini, narudi. Nilitaka urudi." Akafuta vumbi gotini. "Nilikuwa nasema ni kwa ajili yako."

Nikamshika.

Nesi alitusubiri tumalize, kisha akasema wazi wazi kama watu wa kazi yake wanavyosema. Kesho asubuhi aende kituo cha afya, apimwe vizuri, aanze dawa, na asijidanganye kwamba hewa nzuri na mboga za kienyeji zitafanya kazi ya vidonge. Maumivu ya kifua yakirudi hata kidogo, tusingoje asubuhi, twende hospitali hapo hapo. Kucheza, marufuku kwanza. Kutembea taratibu, daktari akikubali, ndio. Alikaa naye hadi pumzi ikatulia na rangi ikarudi, akampima mara ya tatu, ikawa imeshuka kidogo. Ndipo akatuambia twende tukamalize mechi, akabaki naye pale kivulini.

Tukaingia tena uwanjani, sita kwa sita. Tulifungwa kwa goli moja.

Lakini mngeona tulivyocheza ngoma pale uwanjani! Tulizunguka na mwenzetu aliyeteguka tukiwa tumembeba mabegani, hadi mwanamke mmoja wa Karungu akauliza kwa mshangao ni nani ameshinda. Wakatukaribisha chakula. Ugali wa wimbi, samaki wa kukaushwa, na osuga, ile mboga chungu ambayo Lilian aliikataa kwangu Ijumaa. Aliila yote. Akaongeza.

Njiani kurudi hakuketi mbele na dereva. Alipanda nyuma pamoja nasi, akaegemea bega la Min Otieno kama wamejuana tangu zamani, na kabla hatujafika alikuwa amelala. Canter inaruka mashimo, wanawake wanaimba, dada yangu amelala fofofo. Simu yake ililia ndani ya mkoba. Min Otieno aliuweka mkoba chini ya miguu yake, akaendelea kuimba.

Tulipofika, Lilian aliamka, akajifuta uso, akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukaa wiki moja. Ana siku za likizo ambazo hajawahi kuzigusa.

"Kaa mbili," nikamwambia.

"Basi mbili."

Saa hii yuko kwenye kochi la Ouma, ameanza tena kukoroma, na amevaa ile sketi ya watu bado. Kesho nitampeleka kituo cha afya mapema, nikiwa nimemshika mkono, awe anataka au hataki. Jibu la Nairobi nimeshaliandika, liko tayari, linangoja network tu. Ni fupi. Nimewashukuru na nimesema hapana. Niliposoma tena nikatazamia moyo uniume, haukuuma.

Naogopa kidogo, ndiyo. Kuna siku nitaikumbuka ile nafasi, hasa stima ikipotea nikiwa katikati ya kazi. Na Lilian lazima atarudi mjini siku moja, sasa nani atamuuliza ameamkaje? Hilo sijui bado. Tutalifikiria pamoja, tuna wiki mbili.

Min Otieno yeye ameshapanga. Wakati wa kuagana alimwambia kwamba daktari akisema sawa, ataanza kutembea jioni na kina nyanya wa kanisa, wale wanaokwenda kilimani taratibu na fimbo zao.

Lilian aliudhika. "Mimi? Na nyanya?"

"Ndiyo," Min Otieno akasema akishuka kutoka kwenye canter. "Na usijali. Ukichoka, watakungoja."