Picha ya Mama Niliyoipiga Ndogo

Jumamosi, 8 Juni
Studio ya Kilosa nimeifunga, niko Mikumi. Harusi ya binti wa mama mdogo. Tangu asubuhi napiga kwa L, picha kubwa za ubora wa juu, ndivyo maharusi walivyotaka. Saa tisa kamera inaonyesha nafasi ya picha kumi na moja tu, na keki bado haijakatwa. Mama akanishika mkono: "Na mimi nipige leo, nimependeza." Mama huyu ambaye miaka yote akiona kamera anajifunika khanga! Nikashusha hadi S, picha ndogo ya ubora wa chini, nisije nikajaza kadi ya kumbukumbu. Moja tu. Nikarudisha L. Nitampiga vizuri siku nyingine.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeiangalia ya Mama kwenye kioo cha kamera. Anacheka, pengo nje. Haina kasoro.

Alhamisi, 20 Juni
Mama amefariki alfajiri. Presha. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 21 Juni
Kaka kapiga simu kutoka nyumbani Kidete. Mazishi kesho. Anataka picha kubwa ya kubeba mbele ya jeneza. "Mpiga picha ni wewe, usituaibishe." Hakuna nyingine ila ile ya Mikumi. Nimeikuza. Uso umekuwa viraka viraka, jicho ni vijisanduku vinne vya kahawia. Nimelainisha, nimeongeza mwanga, wapi. Kisichoingia kwenye kadi hakitoki. Keki ndiyo imetoka safi, hadi maua ya sukari yanahesabika. Najichukia.

Jumamosi, 22 Juni
Tumezika. Nilibeba fremu kubwa, ndani yake picha ya Mama saizi ya kiganja, pembeni kote karatasi nyeupe. Waliokuwa nyuma hawakuona kitu. Mama mdogo akaniuliza mbele za watu, nimepiga picha za wilaya nzima, ya mama yangu imenishinda? Nafasi ya Mama niliiwekea keki ya binti wa huyu huyu anayeniuliza. Ningeanzia wapi kumwambia?

Jumanne, 2 Julai
Baba kaja studio peke yake. Kavaa koti la kanisani, kanyoa ndevu. Shikamoo, marahaba. Kakaa kwenye stuli, kanyoosha kola. "Nipige ile kubwa, mwanangu."
Sikuuliza ya nini. Nikaweka L, ubora wa juu. Ya kwanza nilitikisa kamera, ikatoka na ukungu. Nikamwomba asiondoke, nirudie.